Istilahi za Masalia ya Mifugo: Samadi, Biogesi na Mboji

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza njia kuu zitumiwazo kuyageuza masalia ya mifugo yawe vitu vyenye manufaa, na kuchunguza maneno ya Kiswahili yanayotumika kuzieleza njia hizo. Wafasiri wa vijitabu vya kilimo, walimu wa sayansi na maofisa wa serikali wanaoandika miongozo ya wananchi hukutana na jambo hili mara kwa mara. Aghalabu kila mmoja hujitafutia neno lake, na matokeo yake ni kwamba kitu kimoja huitwa kwa majina manne, ilhali jina moja hubeba vitu vitatu.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba haya ni mabishano ya wapenzi wa lugha tu. Sivyo. Katika uwanja huu neno likikosewa, mkulima huunguza miche yake, au huacha kulisha mtambo wake kwa siku hamsini, au huingia katika shimo lenye gesi ya sumu akidhani kwamba ameambiwa ni salama. Kwa hiyo tutaeleza kwanza jinsi kila kazi inavyofanyika, kisha tutapima maneno yaliyopo, na mwisho tutapendekeza orodha fupi ya istilahi pamoja na fasili zake.

2. Taka, kinyesi, samadi, mbolea

Maneno haya manne hutumiwa ovyo, kana kwamba ni visawe. Tuyatenganishe.

Kinyesi ni kile kitokacho tumboni mwa mnyama. Ni neno la adabu, nalo limenyambuliwa kutoka katika kitenzi kunya. Neno mavi halina kosa lolote la kisarufi, na mafundi chuma hulitumia bila haya wasemapo mavi ya chuma. Hata hivyo katika maandishi ya serikali na ya shule desturi imekwisha kuchagua kinyesi, na hapana sababu ya kuipinga.

Samadi, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni pana zaidi. Samadi ni kinyesi pamoja na mkojo na malalo, yaani majani au maranda yaliyotandikwa bandani. Tofauti hii ina uzito. Sehemu kubwa ya nitrojeni na potasiamu imtokayo ng'ombe hutoka kwa njia ya mkojo. Mwongozo usemao "kusanya kinyesi" humfanya mfugaji auache mkojo upotee ardhini, ilhali mwongozo usemao "kusanya samadi" humkumbusha kusakafia banda na kuuelekeza mkojo mahali pamoja.

Mbolea ni kitu chochote kinachotiwa ardhini ili kurutubisha mimea, kiwe kimetoka kiwandani au zizini. Katika lugha kadhaa za Kibantu kuna kitenzi -bola chenye maana ya kuoza, na yaelekea neno mbolea lina udugu nacho. Ikiwa ndivyo, basi wazee walikwisha kutufundisha kwamba kitu hakiwi mbolea mpaka kioze. Samadi mbichi, hasa ya kuku ambayo ina nitrojeni nyingi, huunguza mizizi ya miche. Hivyo haifai kuandika "tia mbolea ya kuku" bila kueleza kama ni mbichi au imekwisha kuiva.

Lililobaki ni neno taka. Wafasiri wengi, wakikutana na istilahi ya kigeni yenye maana ya vitu vilivyobaki baada ya uzalishaji, huandika "taka za mifugo". Tafsiri hiyo ina hasara. Katika ofisi zetu taka ni kitu cha kuzolewa na kutupwa. Afisa akisoma "taka" hufikiria jalala, gari na faini. Neno masalia linafaa zaidi, kwa kuwa husema tu kwamba kitu kimesalia, bila kukihukumu. Tunapendekeza masalia ya mifugo kwa samadi, manyoya na maji ya machinjio kwa jumla. Neno taka libaki kwa vitu vya bandani visivyogeuzwa kuwa mbolea wala gesi, kama vile chupa za dawa na sindano zilizokwisha kutumika.

3. Biogesi

3.1 Kazi yenyewe

Kinyesi kikichanganywa na maji na kuwekwa katika chombo kisichopitisha hewa, bakteria hukimeng'enya na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Kazi hiyo hupita katika hatua. Kwanza vitu vigumu vya mimea huvunjwavunjwa viwe vyepesi vya kuyeyuka. Kisha vitu hivyo hugeuzwa kuwa asidi, na asidi hizo hugeuzwa zaidi hadi kufikia hali inayowafaa viumbe wa hatua ya mwisho, wale wanaotengeneza metani. Viumbe hao huzuiwa na oksijeni, hupenda joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na hulegea sana joto lishukapo chini ya nyuzi 15.

Gesi ipatikanayo ina metani asilimia 50 hadi 70, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidioksidi. Humo mna pia kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, ambayo ni sumu na hula vyuma. Mafundi huipunguza kwa kuipitisha gesi katika vipande vya chuma vyenye kutu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mfugaji ana ng'ombe watatu wa ndani, na kila mmoja anampatia kilo 10 za kinyesi kwa siku. Kilo hizo 30 huchanganywa na lita 30 za maji. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takriban lita 40 za gesi, kwa hiyo kilo 30 zitatoa lita 1,200, kiasi cha kuwasha jiko la kawaida la gesi hiyo kwa muda wa saa tatu au nne. Familia ya wastani yaweza kupika kwa moto huo.

3.2 Jina la gesi

Hivi sasa twaona biogesi, bayogesi, bayogasi, gesi ya samadi, gesi ya kinyesi na hata gesi ya asili. Hili la mwisho liachwe kabisa. Gesi asilia ni jina lililokwisha kukaa kwa gesi ichimbwayo ardhini, kama ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004. Msomaji hawezi kutarajiwa kutofautisha "gesi asilia" na "gesi ya asili" kwa kutazama kiunganishi peke yake.

Gesi ya samadi ni jina zuri kwa mazungumzo ya kijijini, kwani humweleza msikilizaji gesi inatoka wapi. Lakini gesi ya namna hii hutengenezwa pia kwa mabaki ya mkonge, kwa maganda na kwa maji machafu ya mijini, na hapo jina hilo huwa la uongo. Kwa istilahi rasmi latakikana jina linalofaa popote. Kati ya biogesi na bayogesi, twapendekeza biogesi, kwa sababu Tanzania imekwisha kuzoea biolojia. Kiambishi kimoja kisiandikwe kwa namna mbili katika kitabu kimoja. Wenzetu wa Kenya wanaoandika bayolojia watakuwa na haki ya kuandika bayogesi kwa kanuni iyo hiyo. La muhimu ni kwamba mwandishi asichanganye.

3.3 Hewa na gesi

Hapa ndipo penye hatari. Katika Kiswahili cha kila siku neno hewa hutumika kwa gesi yoyote: twasema hewa chafu, hewa ya ukaa, na watu wengine husema "hewa ya jikoni" wakimaanisha biogesi. Katika mwongozo wa mtambo desturi hiyo yaweza kuua.

Tuitazame sentensi hii: "Kabla ya kushuka ndani, fungulia hewa." Mwandishi anamaanisha kwamba chombo kiachwe wazi, gesi itoke, upepo safi uingie kwa kutosha, kisha hali ya ndani ipimwe. Lakini fundi aliyezoea kuita biogesi "hewa" aweza kudhani kwamba anaambiwa kufungua bomba la jikoni. Ndani ya chombo hakuna oksijeni ya kutosha kupumua, na haidrojeni salfaidi humwangusha mtu kabla hajapiga ukelele. Zaidi ya hayo, metani ikichanganyika na hewa kwa kadiri ya asilimia 5 hadi 15 hulipuka kwa cheche moja.

Kwa hiyo twashauri kanuni ngumu isiyo na ruhusa ya kuvunjwa: katika maandishi ya kiufundi hewa ni ile tuivutayo puani peke yake, vingine vyote ni gesi. Kwa kanuni hiyo hewa ya ukaa nayo iandikwe kabonidioksidi, ijapokuwa jina la kwanza ni tamu zaidi masikioni. Sentensi yetu itakuwa: "Usishuke ndani ya chombo. Ikilazimu, mwite fundi mwenye vifaa vya kupimia gesi na vya kupulizia hewa safi." Ni ndefu kidogo, lakini haina njia mbili.

3.4 Jina la chombo

Mtambo mzima una sehemu ya kuchanganyia, chombo ambamo kinyesi hukaa, mahali pa kukusanyia gesi, mlango wa kutokea na mabomba. Chombo ambamo kazi hufanyika kinahitaji jina lake mwenyewe, kwa kuwa kukiita "mtambo" ni sawa na kumwita ng'ombe mzima "tumbo".

Majina kadhaa yamezingatiwa. Tangi ni jina la umbo tu, halisemi kazi. Kiozeo limeundwa vyema kisarufi, kutokana na kuozea, lakini kila kitu kiozacho humo hutajwa pamoja na uvundo, na mfugaji anayeshawishiwa kujenga kitu hicho karibu na jiko lake atasita. Wengine wamependekeza jina litokane na kumeng'enya. Wazo hilo ni zuri, maana kazi ya chombo hiki yafanana na ya tumbo la mwanzo la ng'ombe, ambamo viumbe wasiotaka oksijeni huvunjavunja majani na kutoa metani hiyohiyo. Bahati mbaya wanabiolojia wamekwisha kulichukua kimeng'enya kwa maana nyingine, ya kile kitu kinachochapusha mabadiliko ya kikemia mwilini. Hatuwezi kuwanyang'anya.

Lipo neno jingine ambalo karibu kila nyumba yenye migomba yalijua: kuvundika, au kama wengine wasemavyo, kuvumbika. Mwenye ndizi mbichi huzifunika mahali penye joto, pasipo upepo, akangoja siku zake, nazo zikaiva. Mambo matatu yanayotakiwa katika utengenezaji wa biogesi yamo humo: kufunika, joto na kungoja. Kwa hiyo twapendekeza kivundikio kwa chombo, na kuvundika kwa kazi ya mfugaji. Mmeng'enyo utumike kwa kazi ya bakteria. Mfugaji huvundika, bakteria humeng'enya. Mwalimu akilitenga jambo hili hivyo darasani, wanafunzi watajua nani anafanya nini.

3.5 Siku za mvundiko

Kila sehemu ya mchanganyiko inayoingia hukaa ndani kwa muda wa wastani kabla ya kutoka. Katika nchi zenye joto muda huo waweza kuwa siku 40 hadi 60. Katika mfano wetu, lita 60 kwa siku kwa muda wa siku 50 hudai kivundikio cha lita 3,000, yaani mita 3 za ujazo, mbali na nafasi ya gesi.

Baadhi ya tafsiri husema: "Samadi inatakiwa kungoja siku 50." Msomaji wa sentensi hiyo hujaza mara moja, akafunga, akakaa akihesabu siku. Kumbe mtambo hutaka kulishwa kila siku, na siku hizo 50 ni umri wa kila tone ndani ya chombo, si likizo ya mfugaji. Twapendekeza siku za mvundiko, na kila ziandikwapo ziandamane na maneno haya: "huku mtambo ukilishwa kila siku."

3.6 Pipa na kuba

Aina mbili za mitambo zimeenea vijijini. Ya kwanza ilikuzwa India; gesi hukusanyika chini ya pipa lililofudikizwa, nalo hupanda gesi iongezekapo na kushuka itumikapo. Ya pili ilienea sana China katika miaka ya 1970. Hujengwa ardhini kwa matofali au saruji, na juu yake huwa kama kuba la msikiti, lisilosogea. Tanzania ilianza na mitambo ya pipa katika miaka ya 1970 kupitia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO). Kuanzia 1983 Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC) cha Arusha, kwa ushirikiano na Wajerumani, kilieneza mitambo ya kuba iliyorekebishwa kufuata hali ya hapa. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani chini ya CAMARTEC, na Kenya na Uganda nazo zilikuwa na mipango ya namna hiyo.

Mtambo wa pipa na mtambo wa kuba ni majina yatoshayo. Hapana haja ya "mtambo wenye ngoma yenye kuelea" wala "mtambo wa kuba lililothibitishwa mahali pake". Istilahi isiyoweza kutamkwa na mwashi akiwa na mwiko mkononi haitadumu.

3.7 Kiingiacho na kitokacho

Vitabu vingi vya Kiingereza hutumia neno moja kwa kinyesi kilichochanganywa na maji kabla ya kuingia na kwa kile kitokacho baada ya mmeng'enyo, ingawa hali zake ni mbalimbali. Cha kwanza kina harufu kali na huvuta nzi; cha pili hakinuki sana, na nitrojeni yake imekuwa rahisi kuchukuliwa na mimea. Mfasiri akiandika "uji wa samadi" kwa vyote viwili, mkulima atamwagilia mboga kwa kile kibichi. Twapendekeza uji wa samadi kwa kiingiacho na tope la mtambo kwa kitokacho.

4. Mboji na shonde

Njia ya mboji ni kinyume cha biogesi, kwani hutaka hewa. Samadi hupangwa kwa tabaka pamoja na majani makavu, hunyunyiziwa maji, na baada ya siku chache joto la ndani hupanda hadi nyuzi 55 au 65. Joto hilo likishika vya kutosha huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Lundo hugeuzwa mara kwa mara ili hewa ipite. Kiswahili kina neno la lundo la majani na magugu, nalo ni biwi, litumike.

Neno mboji lina maana mbili: kwa mabwana shamba ni mbolea iliyotengenezwa, kwa walimu wa jiografia na biolojia ni ile sehemu nyeusi ya udongo iliyotokana na viumbe waliooza. Si vema kulifuta lolote. Penye hatari ya kuchanganya, iandikwe mboji ya biwi na mboji ya udongo. Mbolea vunde, jina litumiwalo na wengine kwa mboji ya biwi, twashauri liachwe katika maandishi ya kiufundi, ili mzizi wa kuvundika ubaki kwa kazi isiyotaka hewa.

Kinyesi kilichokaushwa na kuchomwa kama kuni chaweza kuitwa shonde, neno la zamani ambalo lingali katika kamusi. Mwalimu aeleze pia gharama yake: moshi huumiza macho na mapafu, na nitrojeni ambayo ingelisha shamba hupotelea angani.

5. Viumbe wafanyao kazi

Mboji yaweza kutengenezwa pia kwa msaada wa viumbe kama Eisenia fetida, ambao hula samadi iliyopoa na kuacha kinyesi chenye rutuba. Tafsiri ya "mbolea ya minyoo" haifai. Kwa msomaji wa kawaida minyoo ni wale wa tumboni, ambao hospitali hutuhimiza kuwatoa, hatawataka bandani. Jina ni nyungunyungu, na mbolea yake ni mboji ya nyungunyungu.

Tatizo hilohilo lipo kwa Hermetia illucens, nzi ambaye watoto wake hula samadi na kunenepa, kisha hukaushwa na kuwa chakula chenye protini kwa kuku na samaki. Watu huwaita funza. Lakini funza ni pia yule mdudu aingiaye vidoleni, na kampeni za afya zimetumia miaka mingi kumpiga vita. Neno sahihi ni buu, wingi mabuu. Ama jina la nzi mwenyewe, "nzi askari mweusi" ni tafsiri ya neno kwa neno. Hapa kwetu hakuna aliyemwona na uaskari wowote. Mpaka jina bora litakapokusanywa kwa wafugaji, liandikwe pamoja na jina lake la kisayansi.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Masalia ya mifugo: vitu vyote vinavyobaki katika ufugaji na uchinjaji na vinavyoweza kutumika tena.
Samadi: kinyesi, mkojo na malalo kwa pamoja.
Shonde: kinyesi kilichokaushwa kwa ajili ya kuchomwa.
Biogesi: gesi yenye metani itokanayo na mmeng'enyo bila oksijeni.
Kuvundika: kuweka uji wa samadi katika chombo kisichopitisha hewa ili utoe biogesi.
Kivundikio: chombo ambamo uji wa samadi huvundikwa.
Siku za mvundiko: muda wa wastani ambao kila sehemu ya uji hukaa kivundikioni.
Uji wa samadi: kinyesi kilichochanganywa na maji kabla ya kuvundikwa.
Tope la mtambo: kitokacho kivundikioni baada ya mmeng'enyo.
Biwi: lundo la kutengenezea mboji.
Mboji ya biwi: mbolea iliyooza kwa msaada wa hewa.
Mboji ya nyungunyungu: mboji iliyotengenezwa na nyungunyungu.
Buu: mtoto wa nzi kabla ya kuwa bundo.

7. Hitimisho

Mapendekezo haya si amri. Istilahi hukubaliwa na watumiaji, na watumiaji wa istilahi hizi ni wafugaji, waashi na mabwana shamba kabla hawajawa wasomi. Wasomaji walioko wilayani wanaombwa kusikiliza majina yatumikayo huko, hasa ya kivundikio, tope la mtambo na nzi tuliyemtaja, na kutuletea pamoja na sentensi halisi ambamo yametumika. Jina lililokwisha kukaa midomoni mwa watu wanaoshika koleo litapewa nafasi ya kwanza mbele ya lile tuliloliunda mezani.